Kiwanja Nacho Kina Aibu Zake



Juzi mwali mmoja kaja dukani kupimwa nguo ya nikaha. Kanambia mchumba wake kapata kiwanja cha bei nafuu, wanataka kulipa haraka. Nikamuuliza, "Mmekiona masika?" Akacheka.

Mimi sikucheka. Kiwanja changu cha mwanzo nilikinunua kiangazi, kwa pesa za cherehani. Ardhi kavu, upepo mzuri. Masika ya kwanza maji yakaingia ndani hadi magotini, vitambaa vya wateja vyote vikaharibika. Aliyeniuzia alijua. Majirani walijua kuwa pale ndipo maji yanapopita. Asiyejua nilikuwa mimi peke yangu.

Ziwa la Mwanakwerekwe kila mtu analijua. Lakini mabonde madogo hayana jina, na yakishakauka hayana alama.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na wenzao wa SUZA walianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Picha zile zinaonesha mpaka mapaa ya nyumba zetu. Basi kupajua panapotuama maji si jambo la kubahatisha tena. Rai yangu ni hii: ramani ya maeneo ya hatari ibandikwe kwa kila sheha, na mauziano yasipite mpaka mnunuzi aoneshwe kiwanja chake kimeangukia wapi. Kilichomo kwenye njia ya maji kisipewe kibali cha nyumba.

Najua wapo watakaosema, "Utatushushia bei." Wengine ni wajane, hawana mali nyengine. Wao nao walinunua bila kuambiwa. Wachimbiwe mitaro, wasaidiwe. Lakini dawa yake si kumbebesha msiba huo bibi harusi mwengine. Dini yetu imekataza kuuza kitu chenye aibu bila kuibainisha. Mimi kitambaa kikiwa na tundu namuonesha mteja kabla sijakata. Itakuwaje nyumba ya maisha?

Mpaka ramani ifike, dada yangu, nenda kiwanjani siku ya mvua. Tazama alama za maji kwenye kuta za jirani. Kaa na kina mama wa pale, uwaulize. Hawatakuficha.

Mwali wangu kanipigia jana: wameamua kungoja masika. Allah awape nyumba yenye kheri, na sisi pia. Amin.