Usinunue difu kwa macho, hesabu meno kwanza

Barabara ya Goma kwenda Masisi haina huruma kwa gari. Mvua ikinyesha, tunategemea jipu kubeba wagonjwa, chakula na familia zinazokimbia vita. Kwa hiyo nasema wazi: mwenye jipu anayefunga difu ya okazo bila kuipima anahatarisha abiria wake.

Difu mbili za Land Cruiser zinaweza kufanana kwa nje na kutofautiana ndani. Mwambie fundi ahesabu meno ya gia kubwa, ayagawe kwa meno ya gia ndogo inayoizungusha. Meno 37 kwa 9 ni 4,11. Meno 43 kwa 11 ni 3,91. Difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, ukiwasha magurudumu yote manne vyuma vinavutana, na kimoja kinaweza kuvunjika mlimani watu wakiwa ndani. Ahesabu pia meno ya ekseli, yaingie sawasawa.

Muuzaji akikataa ifunguliwe, tafuta mwingine. Bei rahisi haimsaidii mama aliyekwama njiani usiku na watoto.