MACHO YA ANGANI NA MACHO YA GENGI



Wengi wetu tufanyao kazi relini na katika viwanda vya Athi River twalala Kitengela, kwa sababu kodi ya chumba ni nafuu kuliko Nairobi. Na chumba cha bei ndogo kabisa mara nyingi ndicho kilicho karibu na mto. Mwanzo wa Mei 2024 mto ulikifuata chumba hicho. Watu wa Msalaba Mwekundu wakaja kuwatoa ndugu zetu kwa mashua. Katika Kenya nzima mvua za Machi hata Mei mwaka ule ziliua watu zaidi ya 280.

Je, maji hayo yalikuja bila habari? Hapana. Mwezi wa Februari 2024 wataalamu wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD, walikwisha kutangaza kwamba mvua za Machi mpaka Mei zitazidi kawaida katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Na kituo hicho hakiko Ulaya. Kiko Ngong, ndani ya Kaunti hii hii ya Kajiado.

Lakini kuambiwa kwamba mwaka huu mvua itakuwa nyingi ni neno moja, na kuambiwa "usiku huu ondoa watoto, maji yaja" ni neno jingine. Neno la kwanza tulilipata. Neno la pili ndilo tunalolitaka.

Yafaa tujue kazi hii hufanywaje, ili tusidanganywe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi mawingu hutazamwa kutoka juu. Setilaiti za Meteosat, zilizo angani kadiri ya kilomita 36,000, hupiga picha ya Afrika nzima kila baada ya dakika 10 au 15. Tena kuna setilaiti ya GPM, iliyorushwa na Marekani na Japani mnamo Februari 2014, ambayo hupokea mawimbi yatokayo katika mvua yenyewe ndani ya wingu. Hesabu zake zikiunganishwa na za setilaiti nyingine hutoa ramani ya mvua ya kila nusu saa. Kadhalika kuna Sentinel-1 ya nchi za Ulaya, ambayo rada yake huona usiku na hupenya mawingu, ikaonyesha maji yamelala wapi juu ya nchi.

Wataalamu huchukua habari hizo, wakatia na miteremko ya nchi na aina ya udongo, kisha kompyuta ikapiga hesabu: maji kiasi gani yatafika mtoni, na saa ngapi. Sisi wa Kitengela twaijua maana yake. Mvua hunyesha upande wa Ngong, mto Mbagathi ukayachukua maji, nasi huku chini hatujaona hata tone moja. Saa zile chache kati ya mvua ya juu na maji ya chini ndizo roho za watu. Nuhu naye aliambiwa kabla ya mvua, ndiyo sababu alipata nafasi ya kujenga safina.

Tena habari nyingi za setilaiti hizi hutolewa bure. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hakuna fedha ya kuzinunua.

Lakini tusiwe watu wa kushangilia chombo tu. Setilaiti ya mvua hukisia, na mara nyingi hukosea penye vilima. Mraba mmoja wa ramani ya GPM ni kadiri ya kilomita 10 kila upande, na ramani ile ya haraka kabisa hufika kama saa 4 baada ya mvua. Katika makorongo ya Kajiado, yaliyo makavu karibu mwaka mzima, saa 4 zaweza kuwa maji yamekwisha kupita na ng'ombe na daraja. Sentinel-1 nayo hurudi mahali pale pale baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo lazima pawe na kipimo cha mvua mlimani na kipimo cha maji mtoni, na mtu wa kukisoma. Mtu huyo ni mfanya kazi. Asije mkubwa yeyote akasema kwamba, kwa kuwa tuna macho angani, msoma kipimo arudi kwao.

Sisi wa reli tuna ushahidi wetu. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalishuka yakaua watu zaidi ya 45. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji iliyo chini ya tuta kuzibwa kwa takataka. Tuta likashindwa. Ndugu, setilaiti haiinami kuchungulia ndani ya karavati. Gengi ya njia huinama. Ukipunguza gengi, umejitoboa jicho moja.

Kwa hiyo chama chetu kinaomba, na kitaendelea kuomba mpaka kijibiwe:

1. Onyo la mafuriko lifike kwa simu ya kila mtu akaaye kando ya mto, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, likitaja mahali na saa.

2. Vipimo vya mito na mvua vitengenezwe, na wavisomao walipwe kwa wakati.

3. Onyo likitolewa, makaravati na matuta ya reli yakaguliwe kabla ya treni kupita, pamoja na njia ya Konza hadi Magadi ipitayo mjini Kajiado.

4. Mtu aliyezuiliwa na maji, au aliyebaki kuokoa jamaa yake, asikatwe mshahara.

Na mjue haki mliyo nayo leo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inasema mfanya kazi aonapo hatari kubwa iliyo karibu amjulishe msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Ikitokea, mwambieni mjumbe wenu wa chama siku ile ile.

Mkutano wa tawi ukiitwa, njoni. Kila mmoja alete jina la karavati alijualo limeziba, na la kijiji kisichopata onyo. Orodha hiyo tutaipeleka wenyewe kwa wakubwa wa reli na wa Kaunti, kabla mvua haijaanza.