Rangi ya Kioo Haileti Usingizi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngojea nyumbani,

Siku hizi telefone na kompyuta nyingi zina programu inayogeuza rangi ya kioo. Mchana kioo ni cheupe. Jua likitua kinaanza kuwa cha manjano, kidogo kidogo, hata jicho halitambui. Programu iitwayo f.lux ilitokea mwaka 2009, na Windows 10 ikapata ya kwake mwaka 2017. Wengi husema: «Nimeiwasha, basi naweza kutazama telefone hadi usiku wa manane.» Neno hilo si kweli, na kwa mtu wa mgodi lina hatari.

Tujue kwanza sababu yake. Ndani ya jicho kuna chembe zinazoambia ubongo kama ni mchana ao usiku. Mwanga wa buluu unaziamsha sana. Zikiamka, mwili unapunguza melatonini, ile homoni inayotuandaa kulala giza likiingia. Programu inapunguza buluu. Nia ni njema. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Brigham Young University, Marekani, walitoa matokeo ya watu 167 wenye miaka 18 hadi 24. Wengine walitumia telefone yenye rangi iliyogeuzwa, wengine bila kuigeuza, wengine hawakuitumia kabla ya kulala. Kwa jumla, walioigeuza hawakulala vizuri kuwapita wenzao. Maana kinachofukuza usingizi si rangi tu: ni habari, mchezo, na maneno ya jamaa.

Tena, programu hiyo kwa kawaida inafuata jua. Haifuati zamu yako. Wewe wa zamu ya usiku unarudi asubuhi, na kioo kinakuwa cheupe saa ileile unayotafuta usingizi. Ukitaka ikusaidie, panga saa zake wewe mwenyewe.

Zaidi ya yote, tuangalie kompyuta za kazi. Katika chumba cha kuongozea mashine, nyekundu inasema hatari, manjano inasema angalia. Kioo chote kikiwa cha manjano, onyo litaonekana namna gani? Na kwa kuwa rangi inageuka polepole, hakuna atakayeshtuka. Kwa maoni yangu, programu hiyo isiwekwe kamwe katika kompyuta hizo. Mwenzako aliye chini ya udongo haoni kioo chako. Anategemea jicho lako.

Basi tufanye nini?

Weka telefone mbali saa moja kabla ya kulala. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 ao zaidi kila siku, hata akilala mchana. Mama, baba akitoka kazi ya usiku, funga mapazia, na watoto wachezee mbali na dirisha. Ukijisikia mchovu, mwambie kapita kabla ya kupanda mashine. Kusema hivyo si aibu, ni akili. Na wewe kapita, usimcheke anayekuambia.

Uchovu nao unaingia kama rangi ile: polepole, bila mtu kuuona, hadi dereva anafumba macho akiwa kwenye usukani. Hakuna programu itakayomwamsha.

Usingizi ni kinga, kama kofia na viatu. Usishuke mgodini bila kinga hiyo.