Chunusi za Utu Uzima Zisipuuzwe

Kijana anayebalehe akitokwa na chunusi hakuna anayeshangaa. Lakini mama wa miaka thelathini na kitu zikimjaa kidevuni na kwenye taya, hasa siku chache kabla ya hedhi, huanza kunong'onwa. Wapo wasemao ni uchafu, wapo wasemao ni hamu ya mume. Maneno hayo hayana msingi.

Asili yake ni homoni. Mwili wa kila mwanamke hutengeneza pia kiasi kidogo cha homoni za kiume, nazo huziamsha tezi za ngozi zitoe mafuta. Mafuta yakizidi, vitundu vya ngozi huziba, vijidudu hustawi, na uvimbe hutokea. Kwa walio wengi jambo huishia hapo.

Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu. Ikiwa pamoja na chunusi hedhi yaruka miezi, ndevu zaota au nywele za utosini zapungua, huenda ikawa ni hitilafu ya homoni na ovari ambayo hospitalini huitwa kwa kifupi PCOS. Humpata yapata mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Huweza kuchelewesha mimba, na baadaye kuleta kisukari. Ni akina mama wangapi wameitwa tasa na mawifi, kumbe tiba ipo!

La kusikitisha ni kwamba wengi hukimbilia mkorogo. Humo mara nyingi mna zebaki, ambayo hudhuru figo, au steroidi, ambazo zenyewe huzalisha chunusi.

Basi, mama, osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, wala usizikamue. Andika tarehe za hedhi yako, kisha nenda na daftari hilo kwa daktari. Mweleze njia ya uzazi wa majira unayotumia, kwani sindano na vijiti huwaongezea baadhi ya wanawake chunusi. Mweleze pia kama una mimba au waitazamia, maana zipo dawa za chunusi zinazomdhuru mtoto tumboni.

Nawe baba usomaye safu hii, nauli ya kumpeleka mkeo hospitali ni heri kuliko kopo la mkorogo.