Risala ya Wazazi, Wanafunzi wa Uuguzi na Wauguzi Wastaafu wa Kibondo na Kasulu kwa Wafadhili wa Elimu ya Afya



Ombi letu kuu ni hili: fedha za hisani zinazotolewa kwa ajili ya afya yetu zimsomeshe mtoto wa hapa mpaka apate leseni ya uuguzi na ukunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusahau fadhila. Hospitali ya Kabanga ya Kanisa Katoliki na ile ya Heri ya Waadventista Wasabato zimetutibu kwa miongo mingi, na chuo cha Kabanga kimetulelea wauguzi. Kuanzia mwaka 2006, kwa fedha za Bloomberg Philanthropies, baadhi ya vituo vya afya vya mkoa wa Kigoma vilipata vyumba vya upasuaji, na watumishi wake wakafundishwa huduma ya dharura ya uzazi na utoaji wa dawa ya usingizi. Mradi ule ulithibitisha kwamba msaada ukimfundisha mtumishi, faida yake hubaki kwa wananchi. Lakini walionufaika zaidi walikuwa tayari kazini. Anayetaka kuingia darasani leo bado analia na ada.

Malalamiko yetu ni haya.

Kwanza, fedha hufuata kambi za wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Warundi walipomiminika mwaka 2015, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya. Hatuwaonei kijicho, Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana, na aliyekimbia vita ni wa kupokewa. Ila kazi za kambini ni za mikataba mifupi. Kambi ikifungwa, kama Mtendeli ilivyofungwa mwaka 2021, mradi nao hufungasha virago, na zahanati ya kijiji jirani hubaki na upungufu wake uleule.

Pili, ufadhili hukatika njiani. Binti amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, amechaguliwa, na mfadhili amelipa ada ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili anapangiwa mafunzo kwa vitendo wodini. Anahitaji nauli, chumba, chakula, sare, viatu na saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo. Baba yake ameshauza maharage yote, hata ya mbegu. Siku ya mtihani binti anasimama nje ya ukumbi na kitabu chake cha mazoezi, kurasa zimejaa sahihi za wasimamizi, kwa sababu anadaiwa. Huyo si muuguzi, na fedha iliyokwisha kutolewa haijamzalisha mama yeyote.

Tatu, mikopo haijawatosheleza wanafunzi. Tunaishukuru Serikali kwa kuanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada za afya katika mwaka wa masomo 2023/2024. Hata hivyo, si kila mwombaji anapata, na anayekosa huwa hana pengine pa kukimbilia.

Nne, hatuulizwi. Vigezo hupangwa mbali, na mtoto wa kijijini hupata habari muda wa maombi umekwisha.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo:

1. Kila ufadhili wa uuguzi ugharimie miaka yote ya masomo: ada, malazi, sare, mafunzo kwa vitendo na mtihani wa leseni. Kama fedha ni chache, heri wasomeshwe watano wamalize kuliko ishirini waachwe njiani.

2. Kila shirika linalohudumia kambi za wakimbizi mkoani Kigoma litenge fungu la kusomesha wauguzi wa vijiji vinavyozunguka kambi.

3. Wanufaika wachaguliwe na kamati yenye wazazi, walimu na wauguzi, na majina yabandikwe ofisi ya kata.

4. Vyuo vya huku visaidiwe vifaa vya kujifunzia, ili mwanafunzi azoee kuzalisha kwa mwanasesere kabla hajamgusa mama.

5. Serikali iwape kipaumbele wahitimu hawa inapojaza nafasi katika zahanati za kwao. Mama mwenye uchungu usiku wa manane anahitaji mtu atakayemwelewa akilalamika kwa Kiha.

Nasi tunaahidi. Kila atakayesomeshwa atasaini kutumikia wilaya hizi kwa miaka ileile aliyofadhiliwa, na sisi wazazi tutachangia nguvu zetu kujenga nyumba za watumishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya udahili ujao kuanza, ili watoto waliofaulu mwaka huu wasipoteze nafasi zao.

Tunaomba kuwasilisha.