Popo wa matunda si adui wa Likasi

Mvua za Oktoba zinapoanza, miti ya masuku na mupundu huzaa katika misitu ya miombo, pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia. Matunda hayo hayaliwi na watu peke yao. Popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, ambaye wataalamu humwita Eidolon helvum, husafiri kutoka mbali kuyafuata. Wengi humwona popo huyu kama mkosi, au kama nyama ya bure. Wakaaji wa Buluo, mjini Likasi, wana sababu ya kumtazama kwa jicho lingine: msitu unaowapa makala ya kupikia unamhitaji.

Karibu kilomita 400 kutoka Likasi, katika mbuga ya Kasanka nchini Zambia, popo hawa hukusanyika kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba, ndani ya kipande kidogo cha msitu wa kinamasi. Makadirio ya idadi yao yamewahi kufika milioni 10. Matunda yakiisha, hutawanyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wanne kwa setilaiti, na ukaonyesha kwamba safari yao huingia Kongo. Mmoja alisafiri kilomita 2,518 katika siku 149. Basi popo wa Zambia na popo wa Kongo ni wale wale, na anayewamaliza huku anawamaliza na kule.

Mnyama huyu hakai mapangoni. Hulala mchana akining'inia juu ya miti mirefu, na usiku hutafuta chakula kwa macho na pua. Mabawa yake yakitandazwa hufika karibu sentimita 75. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Felix Mutere, aliyewachunguza popo wa Kampala, alieleza mwaka 1965 kwamba mimba yao husimama miezi kadhaa kabla ya kuendelea kukua, ili mtoto azaliwe mvua zinapokaribia. Mnyama anayezaa polepole hivyo, akiwindwa kwa wingi, hachukui muda mrefu kupungua. Tayari shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Faida yake iko tumboni. Ndege na nyani wengi huangusha mbegu karibu na msitu walikozilia. Popo huyu huvuka mashamba na maeneo yaliyo wazi, akidondosha mbegu njiani. Watafiti waliomfuatilia nchini Ghana walikadiria mwaka 2016 kwamba mbegu ndogo zinaweza kufika hadi kilomita 75 kutoka mti mama. Mvule, mti wa mbao za thamani, ni mmoja wa miti inayosambazwa naye. Katika Katanga, ambako miombo hukatwa kila siku kwa ajili ya makala, mashamba na migodi, huyu ni mpandaji asiyedai mshahara.

Hofu ya magonjwa ina msingi, na haifai kudharauliwa. Popo wanaweza kubeba virusi hatari. Lakini kuwaua si dawa. Katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, wachimbaji waliambukizwa Marburg mwaka 2007, na popo wa mapangoni, ambao ni wa aina nyingine, wakaangamizwa. Popo wapya waliporudi, kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa juu kuliko cha wale wa kwanza, na mwaka 2012 Marburg ikazuka tena katika eneo hilo. Kinga iliyo bora ni rahisi: asishikwe kwa mikono, asichinjwe, na tunda lenye alama za meno lisiliwe.

Kwa hiyo wakuu wa mji wa Likasi na taasisi ya hifadhi, ICCN, wanapaswa kuitambua miti ambayo popo hulalia na kuizuia isikatwe. Shule nazo ziwafundishe watoto kutorusha mawe wala kuokota popo aliyeanguka. Makala ya leo yanatoka kwenye miti iliyoota zamani. Ile ya kesho inahitaji mbegu, na mmoja wa wanaozibeba hupita usiku, watu wakiwa wamelala.