Mhitimu Aje Kithimani na Jembe Lake

Msafiri apitaye barabara ya Thika kuelekea Garissa huiona Kithimani kwa dakika chache tu: maduka, bodaboda, nyanya na matunda yaliyopangwa kando ya njia, kisha yuko Matuu. Asichokiona ni Mfereji wa Yatta, unaoteka maji ya Mto Thika na kuyaleta katika nchi hii kavu. Ulichimbwa katika miaka ya 1950 na mahabusu wa Mau Mau, watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Wanafunzi si haba kutoka sehemu hiyo hulipiwa karo kwa mazao ya mashamba yanayonyweshwa na mfereji huo.

Yafaa historia hiyo ikumbukwe kila mhitimu wa chuo kikuu anaporejea nyumbani kuwausia wadogo zake juu ya ujasiriamali. Desturi hii imeenea, na ni desturi njema. Hata hivyo, mawaidha yenyewe aghalabu huanzia mahali pasipofaa. Kijana huambiwa ajiajiri, kana kwamba hajawahi kuona biashara, ilhali amekua akimtazama mama yake akibishana na dalali juu ya bei ya kreti la nyanya. Anajua kwamba bei huporomoka wiki ile ile kila jirani anapovuna. Hiyo tayari ni elimu, na mlezi mwenye busara angeanzia hapo.

Asichokijua kijana huyo ni chuo kikuu. Hajui kwamba kozi isiyosajiliwa kwa wakati huweza kumzuia kufanya mtihani. Kwamba maksi hupotea, na anayezifuatilia mwaka wa kwanza huzipata kwa urahisi kuliko anayengoja mwaka wa nne. Kwamba kuahirisha masomo kwa barua ni tofauti kabisa na kutoweka kimyakimya kwa kukosa karo. Haya si mambo ya kupigiwa makofi ukumbini. Ni mambo ya simu moja usiku, na mhitimu aliyeyapitia huyaeleza kwa dakika kumi.

Lipo pia suala la mkopo, na hapa ndipo baadhi ya walezi hukosea vibaya. Fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, zinapoingia, mwanafunzi hushauriwa azitie katika biashara: viatu vya mitumba, vifaa vya simu, kuku nyumbani. Wako waliofaulu, na hao ndio wanaoalikwa kusimulia. Waliopoteza hawaalikwi. Fedha hizo ni deni lenye riba, nalo humngoja mwajiriwa na asiyeajiriwa sawasawa, mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Isitoshe, mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 uliufungamanisha mgawo wa mwanafunzi na hali ya nyumbani kwao. Kijana wa Kithimani basi anahitaji mtu wa kumsaidia kujaza fomu kwa makini kabla ya kumhitaji wa kumfundisha faida.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana bidhaa ambayo haionekani. Huhariri tasnifu za wenzake, hutafsiri hojaji za watafiti, huandika risala za harusi, kisha hulipwa soda. (Wahadhiri wasicheke, baadhi yao ndio wateja.) Mhitimu aliyewahi kutafsiri kwa malipo angemwonyesha jinsi ya kuhesabu maneno, kudai malipo ya awali, na kukataa kazi ya kumwandikia mtu tasnifu nzima, ambayo ni udanganyifu hata ikiwa na bei nzuri.

Wakamba wana mwethya: majirani hukusanyika katika shamba la mmoja wakalima, kesho wakahamia kwa mwingine. Anayekuja haji kuhutubia, naye aliyesaidiwa ana zamu yake. Ulezi wa wahitimu ungefaa kufuata mtindo huo, mwanafunzi wa mwaka wa pili akimpokea wa mwaka wa kwanza, na mhitimu akiwapokea wote wawili. Vyuo visilifanye hili kisingizio cha kuziacha ofisi za ushauri nasaha bila watu. Na siku ya mkutano, badala ya picha za gari lake, mhitimu alete taarifa yake ya mkopo, awaonyeshe wadogo zake alicholipa na kinachosalia.